Mikono Mifupi Hapigi Goti

3 Februari

Kwako Sisimizi,

Hujambo mwanangu? Unakula? Unalala? Goti likoje? Jibu yote matatu, usichague. Mimi mzima, mgongo tu unalalamika, na mgongo wa kibarua haujawahi kufurahi.

Usinipigie simu. Ilinichomoka mfukoni tukimwaga zege, sasa imo ndani ya nguzo. Ukipiga utaongea na nguzo. Mpaka nipate nyingine, ni barua tu. Dereva wa lori la kokoto anapita mlangoni pa hospitali yenu akienda machimboni, amekubali kubeba. Mtu mzuri, ila usimuulize habari za lori lake, hatanyamaza.

Nakuletea mjusi. Muuza midoli ya mtumba, yule wa kona ya hapa saiti, alikuwa naye chini kabisa ya gunia. Ana sahani mgongoni. Nimemjaribu kama ulivyonifundisha. Mdomo haufunguki. Shingo inageuka. Miguu ya mbele inakwenda, ya nyuma mmoja umekufa. Mkia unapinda sehemu mbili. Muuzaji akaniuliza, "Mzee, unanunua mdoli au unakagua ng'ombe?" Nikamwambia nyamaza, mwenye mali yuko hospitali.

Nyumbani kumetulia mno. Mama yako alipoangukiwa na ule ukuta, nilibaki nakusikia wewe ukigombanisha mijusi yako chini ya meza. Sasa hata hiyo hamna. Pona urudi.

Baba yako


9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakula. Silali vizuri. Goti bado nene kama papai. Yote matatu nimejibu. Pole ya mgongo na pole ya nguzo.

Kwanza, si mijusi, ni dinosaria. Mjusi anatambaa, dinosaria anasimama, miguu yake iko chini ya mwili. Nimekuambia mpaka nimechoka.

Mgongo Sahani amefika salama, nimempanga dirishani na wenzake. Huku wodini tuna mashindano. Kitanda cha jirani yuko msichana aliyevunjika mkono, tunamwita Tajiri, maana mjomba wake alimletea dinosaria Mikono Mifupi mpya wa dukani, mwenye viungo mpaka vidole vya miguu, na taya lenye ulimi ndani. Kila asubuhi anatukagua kama mwalimu wa zamu. Tunalinganisha taya, shingo, mabega, nyonga, goti, kifundo, mkia. Kila kiungo kinachokwenda ni alama. Mwisho kuna kusimama bila kuegemea, hiyo ndiyo alama kubwa. Wa Tajiri ana viungo vingi mpaka hawezi kusimama, analegea kama mlevi. Nilicheka mpaka nesi akaja kuniangalia.

Mgongo Sahani hakupata nyingi, lakini kwa mkia hakuna wa kumfikia. Asante baba.

Sasa jambo lenyewe. Mikono Mifupi wangu mimi, yule mkongwe niliyenunuliwa na mama, goti lake la kushoto limelegea. Nikimsimamisha anaanguka. Namleta kwako kwa dereva, unitengenezee. Lakini taratibu, baba. Yule ndiye wa mazoezi. Dada Mazoezi, yule anayetunyoosha viungo, anamkunja goti kidogo, na mimi nakunja langu mpaka pale pale. Naona nyota mchana, lakini siwezi kushindwa na plastiki.

Wadudu walioingia gotini wamekufa kwa dawa, ila wameshakula ndani. Daktari Mkubwa anataka kulifunga goti kwa chuma, mfupa ushikane na mfupa. Halitauma tena na halitakunja tena, maisha yote. Dada Mazoezi anasema nipewe muda kwanza. Wanabishana juu ya kitanda changu kama vile mimi ni meza. Daktari atakutafuta wewe uamue. Baba, usimjibu kabla hujaniuliza.

Binti yako,
Sisimizi


17 Februari

Kwako Sisimizi,

Hujambo? Mimi mzima. Mvua imeanza, tunafanya kazi nusu siku, nusu tunakaa chini ya turubai tunasikiliza uongo wa mafundi.

Mikono Mifupi amepona. Kazi nimeifanya kwa mikono yangu. Nilipomshika tu nikaona ugonjwa si goti peke yake. Nyonga nazo zinacheza. Shingo inacheza. Taya linaning'inia. Kila kitu kinacheza. Nikasema huyu nisipomfanya mzima mzima, mwezi ujao atarudi tena. Nikatia waya wa kufungia nondo kwenye goti, kwa ndani, hauonekani. Halafu gundi ya mirija miwili, ile ya kuchanganya, inayoshika chuma na chuma. Viungo vyote. Nikampiga msasa. Nikamsimamisha juu ya tofali, nyapara akapita na mguu wake mzito ule, tofali likatikisika, yeye kimya. Mafundi wakapiga makofi. Huyo hata lori likimpita hachezi. Alama ya kusimama ni yako.

La daktari. Alinipata kwa simu ya nyapara, siku moja kabla barua yako haijafika. Akaniambia goti likifungwa halitauma. Nikamuuliza, litamshika? Akasema litamshika. Nikamwambia funga. Ni tarehe tano Machi. Najua ulisema nikuulize, lakini nilikuwa nimeshajibu, na hata ningekuuliza ningejibu hivyo hivyo. Wewe mtoto. Mimi najua vitu vinavyosimama. Usiogope.

Baba yako


20 Februari

Baba,

Shikamoo.

Amefika. Hapigi goti. Hageuzi shingo. Hafungui mdomo. Dada Mazoezi alimshika, akamwangalia, akamrudisha kitandani. Tajiri naye hakucheka, na Tajiri hucheka kila kitu.

Mama alipomleta alikuwa anamfungua na kumfunga taya akiniambia "nina njaa, nina njaa". Sasa hana njaa.

Nilikuomba mambo mawili tu.

Usiniletee mwingine.

Mgonjwa wa kitanda cha dirishani


22 Februari

Kwako Sisimizi,

Hujambo? Mimi sijambo. Hapana, nadanganya. Sijambo kwa nje.

Nimesoma barua yako, nikampa fundi wa nondo anisomee tena, nikidhani labda sikusoma vizuri. Akasoma. Akanirudishia. Akaniambia, "Mzee, hapa hakuna cha kusoma vizuri."

Sikujua habari ya nina njaa. Mama yako hakuniambia. Mlikuwa na mambo yenu, mimi nikirudi nimechoka nikilala.

Nilikwenda kwa muuza midoli. Nikamweleza. Akashika kichwa. Akasema goti likilegea ni tone moja la rangi ya kucha, unaacha likauke, linakaza na bado linakunja. Tone moja! Mke wake anayo dukani. Akaanza kucheka, akaniona uso, akaacha.

Nikanunua mwingine, mbovu, mikono mifupi vilevile. Nikampasua goti kwa msumeno wa chuma nione ndani. Kuna kipira ndani ya kikombe. Kipira kinajaa kikombe sawasawa, hakuna hata pa kupitisha unywele. Nimejenga miaka yote hii sijawahi kuona kitu kinashikana vile na bado kinazunguka. Nilikikunja mpaka nyapara akaniuliza nalipwa kucheza?

Nikatia gundi ile ile kwenye goti la pili, nijifunze kuitoa. Nimechemsha. Mwili umelainika kama ugali, gundi imebaki. Nimetia petroli. Rangi imetoka, gundi imebaki. Nitaendelea.

Niandikie. Hata tusi.

Baba yako


25 Februari

Kwako Sisimizi,

Hujambo mwanangu? Goti? Kula? Kulala? Hujibu lakini nauliza.

Dereva amerudi mikono mitupu. Nilimsimamisha barabarani, nikamwambia tafuta vizuri, labda imeanguka chini ya kiti. Tumetoa kiti. Tumekuta betri, kandambili na chapati ya zamani. Barua hamna. Akaniambia alikupa yangu mkononi, ukaipokea, ukasema asante, basi.

Nimemwomba nyapara simu nimpigie daktari, nimwambie asubiri. Ya kwanza hakuna aliyepokea. Ya pili akapokea mtu, akasema daktari yuko ndani anapasua. Ya tatu akasema mambo hayo hayabadilishwi kwa simu, njoo mwenyewe. Nikamuuliza, mbona la kwanza lilikubaliwa kwa simu? Akakata. Kufunga ni simu moja, kufungua uje mwenyewe. Ndivyo ilivyo.

Nikamwomba nyapara ruhusa. Akasema ghorofa inasubiri nguzo, ukitoka getini nafasi ina mtu. Nikarudi kwenye zege. Nilibeba ndoo siku nzima sijui naipeleka wapi. Niliimwaga moja palipokuwa tayari, wakanipigia kelele.

Dawa ya kutoa gundi nimeipata. Si maji, si petroli. Ni sindano ya gunia, unaitia kwenye moto wa mkaa mpaka iwe nyekundu, unaizungusha pale kiungo kinapokutana na mwili, taratibu, ukisikia harufu ya gundi endelea, ukisikia harufu ya plastiki toa haraka. Nimeharibu kadhaa. Wa leo amefunguka. Alitoa sauti, tak, halafu akakunja.

Muuza midoli anasema nikiendelea hivi atanifungulia karakana. Nimemwambia anifungulie mlango wa hospitali.

Mwambie daktari asubiri. Wewe mwambie. Mwambie baba anakuja.

Baba yako


1 Machi

Kwako Sisimizi,

Hujambo? Naandikia kwenye goti langu, lina matope, samahani kwa karatasi.

Nimetoka getini jana. Nyapara aliniita mara moja tu, sikugeuka. Dereva alinipakia juu ya lori tupu mpaka mtoni. Hapa daraja hamna, mafuriko yamelibeba. Limebaki shina huku na shina kule, katikati maji ya rangi ya chai. Malori yamepanga mstari, watu wanapika kando ya barabara. Ng'ambo nauona mnara wa maji wa hospitali yenu. Nauona kabisa. Ningekuwa na sauti ya nesi wenu mkali ungenisikia.

Nilijaribu kuvuka. Maji yalinifika kifuani, yakaninyanyua kama kopo, wakanivuta kwa kamba. Mmoja akanitukana vizuri sana. "Mzee, unataka tukutafute wiki nzima?" Nikamwambia mwanangu yuko kule. Akaacha kutukana. Wote wana mtu kule.

Kuna daraja lingine juu huko, upande wa milimani. Nakwenda kwa miguu. Wanasema sitafika kabla ya tarehe tano. Wengine wanasema naweza. Wanaosema naweza ni wale wasioijua njia.

Wamefunga kamba, kikapu kinapita na dawa na barua. Watu hapana. Nakitilia barua hii na sindano. Nimeitia mpini wa kizibo isimuunguze mtu. Mpe Dada Mazoezi. Maelezo ni yale ya barua iliyopita.

Sasa sikiliza. Ukuta uliomuua mama yako ulicheza kwanza, ndipo ukaanguka. Tangu siku ile, kitu kikicheza mbele yangu mikono inatafuta cha kukikaza. Ukaugua, ukawa unayumba ukienda chooni, unashika ukuta. Mimi nilikuwa nakuona. Ndiyo maana daktari aliposema kufunga, sikumwacha amalize.

Ila goti si langu. Neno langu la kwanza nalirudisha. Muonyeshe daktari barua hii. Nasema hivi: la binti yangu ndilo langu. Akisema lifungwe, lifungwe. Akisema lisifungwe, asiguswe mpaka nifike, na mtu asimlazimishe, mimi kibarua lakini mlangoni nitakaa.

Niliambiwa nikuulize. Nakuuliza. Unataka nini, mwanangu?

Baba yako


4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole ya matope. Pole ya kutukanwa. Nakula. Nalala kidogo. Goti lile lile.

Barua hii siitumi, uko njiani milimani, sijui pa kukupata. Naiacha dirishani chini ya Mikono Mifupi, utaikuta ukifika.

Zako zote nilizisoma. Nilikuwa nazilalia, ziko chini ya mto. Nilikuwa nimekasirika mpaka nikawa nasahau kukasirika, nakumbuka tena. Ile ya mtoni ililetwa na mpishi mmoja wa hospitali, imelowa pembe zote. Nikamuita Daktari Mkubwa mwenyewe. Nesi akasema daktari haitwi na mtoto. Nikampa barua asome. Akasoma mpaka pale pa mlangoni nitakaa, akaenda kumuita.

Alikuja. Aliisoma amesimama, halafu akakaa kitandani kwangu, hajawahi kukaa. Nikamwambia nionyeshe picha ya ndani ya goti langu, na unielezee kama unamwelezea baba. Akaileta. Baba, nilielewa kwa sababu yako. Uliandika kipira kinajaa kikombe. Kwangu kikombe hakipo. Wadudu wamekila chote. Kipira kimekaa juu ya kifusi. Nikamuuliza Dada Mazoezi, tangu tuanze limeongeza kukunja? Akatazama dirishani. Nikamwambia sema tu, mimi si meza. Akasema halijaongeza. Akasema alikuwa anataka sana liongeze. Akalia yeye, mimi nikampa leso.

Nikaomba siku moja ya kufikiri. Dada Mazoezi akawasha jiko la kuchemshia vifaa, tukaipasha sindano yako. Tulianza na taya. Harufu mbaya, wodi nzima ikatulaani. Likatoa ile tak. Nikalifungua, nikalifunga. Ana njaa baba. Halafu shingo. Halafu nyonga. Halafu goti la kulia. Dada akashika la kushoto, nikamwambia hilo acha.

Akaniuliza kwa nini. Nikamsimamisha dirishani katikati ya wote. Nikaita mashindano. Wa Tajiri akaanguka, kama kawaida yake. Mgongo Sahani akaegemea ukuta. Wangu akasimama kwa lile goti bovu, akageuza shingo akawatazama wote, akafungua mdomo. Tajiri akasema huo ni wizi, goti lenye gundi halihesabiwi. Tukagombana mpaka chakula cha jioni.

Basi nimejibu. Nimemwambia daktari hili moja alifunge, mengine yote ayaache. Amesema ndiyo, mama, kama nampa kibarua. Ni kesho asubuhi.

Bado nimekasirika kidogo. Si kwa gundi. Wewe unajua kwa nini. Kidogo tu.

Naogopa, baba. Hakuna wa kumwambia hapa, wote wananiita shujaa. Wanasema dawa ya usingizi inakufanya usijue kitu. Mimi nataka kujua kitu kimoja, kama umefika. Ukinikuta nimelala usinishike goti. Nishike mkono. Huo bado unakunja.

Binti yako,
Sisimizi


5 Machi

Kwako Sisimizi,

Hujambo mwanangu? Nimefika. Umelala. Nesi amenivua viatu mlangoni, amesema matope haya yangejenga choo.

Daktari amesema limeshika vizuri. Nimemwambia asante.

Nimesoma barua. Mikono Mifupi alinifungulia mdomo nilipomnyanyua. Nimemrudisha pale pale, amesimama.

Nimekushika mkono kwa mkono wangu wa kulia, hivyo naandika kwa kushoto, usicheke. Nilikuita jina lako la sisimizi, polepole. Kidole gumba chako kikakunja. Nikaita tena. Kikakunja tena.

Siendi popote.

Baba yako